Karatasi ya hospitali na lugha ya nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi anapotoka hospitalini, jamaa yake hukabidhiwa vitu viwili: mgonjwa mwenyewe na karatasi. Mgonjwa hubebwa na watu wanne hadi kwenye gari. Karatasi hukunjwa, hutiwa mfukoni pamoja na risiti za dawa, na mara nyingi haitoki tena. Makala hii ni juu ya hiyo karatasi. Ninachotaka kusema ni hiki: kumtunza mgonjwa wa kiharusi nyumbani ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya dawa na ya mikono, na sisi wa kitivo cha lugha tumewaachia kazi hiyo watu ambao hawakuisomea.

Siandiki kama mganga. Nina miaka 24, nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na mambo ya udaktari nitakayoyataja ni yale ambayo kila jamaa huambiwa, au ilipaswa kuambiwa. Lakini tangu kambo wetu, baba yake mama, apatwe na kiharusi, nimepata miezi ya kutosha ya kuangalia jinsi maneno yanavyofanya kazi karibu na kitanda, na jinsi yanavyokosa kuifanya.

Mjini kwetu Lubumbashi ugonjwa huu una majina mengi. Wengine husema AVC, wengine husema tansio ilimpanda, wengine husema tu alipooza. Kwa ufupi, damu imekosa kufika sehemu moja ya ubongo kwa kuwa mshipa umezibwa, au mshipa umepasuka na damu imemwagika ndani. Kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili. Kwa watu walio wengi, lugha inakaa upande wa kushoto. Ndiyo maana mtu aliyepoteza nguvu za mkono wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno pia. Kambo alipoteza vyote viwili kwa asubuhi moja.

Kifaransa cha karatasi

Karatasi tuliyopewa ilikuwa na mistari saba, yote kwa Kifaransa. Niliinakili katika daftari langu. Nitataja mitatu tu.

Mstari wa kwanza: "Mobiliser toutes les deux heures." Maana yake mgonjwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, kusudi asipate vidonda vya kulalia. Lakini "mobiliser" ni neno ambalo mjini watu hulijua kwa mikutano ya siasa. Mstari wa tatu: "Régime hyposodé", yaani chakula chenye chumvi kidogo. Mstari wa tano: "Attention aux fausses routes." Hapo muuguzi alikuwa anaonya kwamba chakula au maji yanaweza kupita njia ya hewa na kuingia mapafuni, kwa kuwa kiharusi hulegeza koo vilevile kinavyolegeza mkono.

Aliyepokea karatasi ni dada yangu mdogo, mtoto wa mama mdogo, mwenye miaka 17. Ndiye aliyelala hospitalini siku zote kama garde-malade. Shuleni Kifaransa chake ni kizuri, tena alama zake zinapita zangu za umri ule. Alisoma "fausses routes" akaelewa barabara mbaya. Basi akamwomba dereva wa teksi asipitie njia yenye mashimo. Dereva alikuwa mtu mwenye huruma, akazunguka mji kwa njia ya lami. Mzee akafika nyumbani bila kutikiswa hata kidogo, na jioni ileile akanyweshwa maji akiwa amelala chali.

Alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi katika zahanati alisikia kelele, akaingia, akamwinua. Bila mama yule, leo ningekuwa naandika tanzia.

Watu wakisikia habari hii hucheka kwanza, halafu husema: msichana huyo alikosa akili. Mimi nakataa. Msichana alifanya kile ambacho msomaji yeyote hufanya: alichukua maneno mawili anayoyajua, akayaweka katika hali aliyokuwa nayo mbele ya macho. Mbele ya macho yake palikuwa na mgonjwa, gari na barabara. Tafsiri yake ilifuata kanuni zote za usomaji mzuri. Waliomwandikia karatasi ndio hawakuzifuata, kwa kuwa waliandika kama vile ingesomwa na daktari mwingine.

Na simlaumu muuguzi yule mtu binafsi. Alikuwa peke yake na chumba kizima cha wagonjwa, na yeye mwenyewe amefundishwa ugonjwa huu kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Ukimwambia aeleze "fausses routes" kwa Kiswahili, atatafuta maneno. Maneno hayo hayajawekwa tayari mahali popote anapoweza kuyachukua. Hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi.

Kutafsiri peke yake hakutoshi

Mtu atasema: basi, watafsiriwe karatasi, mambo yaishe. Laiti ingekuwa hivyo.

Chukua mstari wa kwanza. Mtafsiri wa haraka ataandika: "Mgeuze kila saa mbili." Msomaji aliyezoea saa za Kiswahili anajua kwamba saa mbili ni pia wakati fulani wa siku, asubuhi jua likishapanda na usiku baada ya chakula. Kwake yeye, mgonjwa ageuzwe mara mbili kwa siku: saa mbili ya asubuhi na saa mbili ya usiku. Kati ya hapo ngozi ya kiuno inaoza. Heri kuandika "kila baada ya masaa mawili", na heri zaidi kuchora jedwali lenye nyakati ambazo nyumba ile inazijua: watoto wakienda shule, wakirudi, bukari ya mchana, kengele ya kanisa, redio ya jioni.

Chukua chumvi. Mke wake kambo alipoambiwa "chumvi kidogo", alitii kabisa. Kwa siku kumi hakutia chumvi hata punje katika chungu. Lakini mara tatu kwa juma alipika bitoyo, kwa sababu bitoyo ni samaki. Hakudanganya mtu. Katika mpangilio wa maneno kichwani mwake, bitoyo iko pamoja na samaki wengine. Haiko pamoja na chumvi, ingawa samaki huyo amekaa ndani ya chumvi siku nyingi. Karatasi nzuri kwa mji huu haiwezi kusema "chumvi kidogo" ikanyamaza. Inapaswa kutaja bitoyo kwa jina, na vidonge vya mchuzi vya dukani pia.

Chukua mkono wenyewe. Jamaa zangu wote walisema "mukono ilikufa". Ni namna ya kusema ya kawaida, na sijui mtu anayeisema kwa ubaya. Lakini neno hufuatwa na tendo. Kitu kilichokufa hakifanyishwi mazoezi, huachwa kilipo. Majuma mawili ya kwanza mkono wa kambo uliwekwa juu ya tumbo lake kama mzigo wa mtu mwingine, na waliotaka kumwinua waliushika huo huo na kuuvuta, kwa kuwa kilichokufa hakiumii. Bega liliuma sana. Mtaalamu wa kinesiterapia alipokuja, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mgonjwa asivutwe kamwe kwa mkono ule, na kwamba mkono unyooshwe na kukunjwa kila siku ili viungo visikauke. Nikapendekeza nyumbani tuseme "mukono imelala". Kilicholala huamshwa. Siku mbili hazikupita, mke wake akawa anauamsha mkono kila asubuhi kwa mafuta, akizungumza nao. Sisemi neno limeponya mkono. Nasema neno limewarudisha watu kwenye mkono.

Chukua mwisho kabisa kiambishi kidogo kile tunachokichambua darasani bila kufikiri kwamba kinaweza kuua. Juma la tano kambo aliketi mwenyewe bila kushikwa. Majirani wakaja, wakaimba, wakasema "Kambo amepona!" Sisi tunajua kazi ya -me-: tendo limetimia, matokeo yako hapa. Na mtu aliyepona hanunuliwi dawa. Mwezi ule pesa za vidonge vya tansio zilienda kwenye karo, hadi mama mdogo alipogundua kwamba pakiti imeisha siku tisa. Mgonjwa wa kiharusi anayeacha dawa ya tansio anafungulia mlango kiharusi cha pili. Nyumbani sasa tunasema "anapona", na juu ya tansio tunasema "imetulia". Haisemwi kwamba imepona, kwa sababu kilichotulia kinaweza kuamka.

Mifano hii minne haimo katika kamusi. Mtafsiri mwenye kamusi tatu mezani angeikosa yote. Inajulikana tu na mtu aliyefundishwa kusikiliza jinsi watu wanavyogawanya vitu kwa maneno yao. Na kazi hiyo, ndugu wasomaji, ndiyo inayoandikwa kwenye shahada zetu.

Lugha za mgonjwa

Kuna upande wa pili, ambao ni mzito zaidi. Mpaka sasa nimezungumzia lugha ya watunzaji. Mgonjwa naye ana lugha, au alikuwa nazo.

Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kusema ila silabi moja, "tan". Alielewa sehemu kubwa ya yale aliyoambiwa. Baada ya kifo chake Broca alikuta ubongo umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu hapo elimu inajua kwamba mtu anaweza kupoteza usemi bila kupoteza akili. Hali hiyo huitwa afasia. Ziko aina nyingine pia, ambamo maneno humiminika lakini mgonjwa haelewi vizuri anachoambiwa.

Sasa fikiria mgonjwa mwenye lugha tatu. Kambo alizaliwa Kasenga, kando ya Luapula. Lugha ya kwanza masikioni mwake ni Kibemba. Alipokuja mjini kufanya kazi ya reli, Kiswahili kikawa lugha yake ya kila siku, ya soko na ya watoto. Kifaransa alikijua cha wakubwa wa kazi. Ni ipi itakayobaki? Wataalamu wamebishana tangu zamani. Théodule Ribot, mwaka 1881, aliona kwamba kilichojifunzwa kwanza hudumu zaidi. Albert Pitres, mwaka 1895, aliona kwamba inayorudi kwanza ni ile iliyozoelewa zaidi kabla ya ugonjwa. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba hakuna sheria moja: kwa wengine lugha zote hurudi pamoja, kwa wengine moja hutangulia, na si lazima iwe ile tunayoidhania. Funzo lake ni jepesi. Usiseme mtu haelewi kabla ya kumjaribu katika lugha zake zote.

Kambo alijaribiwa katika moja, na ni ile aliyoitumia kidogo kuliko zote. Aliulizwa kwa Kifaransa ainue mkono, akanyamaza. Aliulizwa leo ni siku gani, akanyamaza. Pakaandikwa kwamba hafuati maagizo. Jamaa wakaelewa: akili imeenda.

Neno hilo lilikuwa na bei. Kambo ana lupango lenye karatasi kwa jina lake. Kabla mwezi haujaisha, baadhi ya wakubwa wa ukoo walikuwa wameanza kusema kwamba mtu asiye na akili hawezi kuwa na lupango, na kwamba ni heri liuzwe ili lilipe matibabu. Pengine walikuwa na nia njema. Lakini walikuwa wanazungumza hayo ndani ya chumba chake, mbele yake, kama watu wanavyozungumza mbele ya kabati.

Asubuhi moja alikuja mama mzee kutoka Kasenga, akasimama mlangoni akasema: "Mwashibukeni mukwai." Kambo akajibu wazi: "Eya mukwai." Nyumba nzima ilipiga kelele. Mimi nilijizuia kidogo, kwa sababu tunajua kwamba salamu, sala, nyimbo na kuhesabu ni usemi wa mazoea; mgonjwa anaweza kuutoa bila kuweza kuunda sentensi hata moja. Jibu la salamu halikuwa bado ushahidi. Lakini lilitosha kutuonyesha mlango wa kugonga.

Basi mke wake akaweka mbele yake vitu vinne: kikombe, kofia, funguo na kitambaa. Akaviomba kimoja kimoja kwa Kibemba. Kambo alionyesha vyote vinne kwa mkono wa kushoto. Kwa Kiswahili akaonyesha vitatu. Kwa Kifaransa akatuangalia. Tulirudia kesho yake tukibadilisha mpangilio, matokeo yakawa yaleyale.

Juu ya lupango tulikuwa waangalifu zaidi, maana mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" akitaka kusema "hapana". Swali likaulizwa pande zote mbili. "Unataka liuzwe?" Akatikisa kichwa. "Unataka libaki?" Akainamisha kichwa. Siku nyingine, mtu mwingine, swali la pili likitangulia: jibu lilikuwa lile lile. Wakubwa walikuwapo. Mpaka leo lupango halijauzwa.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni zito. Katika nchi yenye lugha nyingi kama yetu, kumpima mgonjwa kwa lugha moja ni kumhukumu bila kumsikiliza, na hukumu hiyo humnyang'anya mtu sauti, na mara nyingine nyumba.

Kiswahili kipi?

Najua swali ambalo walimu wetu wataniuliza, kwa kuwa huulizwa kila mara: je, maandishi haya yaandikwe kwa Kiswahili bora au kwa Kiswahili cha mji?

Mimi nakipenda Kiswahili bora, na ndicho ninachoandika hapa. Lakini karibu na kitanda, jibu langu ni Kiswahili cha mji, bila aibu. Mtunzaji anayesoma saa nane za usiku, taa ya simu mkononi, hapaswi kukutana na neno hata moja la kumsimamisha. Hivi ndivyo ukurasa wa kwanza wa daftari letu la nyumbani unavyosema:

"Mbele ya kumupa mayi ao chakula, mukalishe wima. Umupatie kidogo-kidogo na kijiko. Kama anakohoa, simama. Usimuvute na mukono yenye imelala. Dawa ya tansio, asiache kumeza hata kama anajisikia muzuri."

Mwalimu wa sarufi atapata kazi hapo kwa kalamu nyekundu. Mke wake kambo hakupata kazi yoyote. Alielewa mara moja.

Na kuna hatari kubwa zaidi tukishikilia Kiswahili bora katika kupima wagonjwa. Mtu wa Lubumbashi husema "kitabu yangu" tangu utotoni, akiwa mzima wa afya. Upatanisho wa ngeli katika Kiswahili chetu umepungua, na kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua hivyo. Lakini kupotea kwa viambishi ni mojawapo ya dalili zinazotafutwa katika afasia. Mpimaji akija na jaribio lililotungwa kwa Kiswahili sanifu, atahesabu makosa ambayo si makosa, na kwa kipimo chake mji mzima utaonekana umepatwa na kiharusi. Kazi juu ya afasia kwa Kiswahili imekwisha kuanza kwa majirani zetu: Mkenya Tom Abuom pamoja na Mholanzi Roelien Bastiaanse walichapisha mwaka 2012 uchunguzi juu ya wagonjwa wasemao Kiswahili na Kiingereza. Kwetu mgonjwa husema Kiswahili cha Katanga pamoja na Kibemba, Kiluba, Kisanga au Ciluba, na Kifaransa juu yake. Hakuna mtu wa Nairobi atakayekuja kutufanyia kazi hiyo.

Pesa, na msichana

Wenzangu wawili niliowasomea maneno haya walinipinga. Wa kwanza alisema tatizo la mgonjwa wa kiharusi ni pesa: godoro zuri, kiti cha magurudumu, dawa, mtaalamu wa kine anayelipwa kila anapokuja. Ni kweli. Hakuna tafsiri inayonunua godoro. Kambo hutumia kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya ndoo, kwa sababu choo kiko nyuma ya lupango na hawezi kufika. Lakini hesabu vizuri. Kumkalisha wima ni bure. Kumgeuza ni bure. Kuweka kiti upande wenye nguvu anapohama kutoka kitandani ni bure. Kumpa muda wa kujibu, bila kumalizia sentensi mahali pake, ni bure. Nyumba isiyo na pesa ndiyo inayotegemea zaidi yale ya bure, na yote ya bure hupita kwa maneno.

Wa pili alisema jamaa zetu hawahitaji maandishi, maana mtunzaji huwa mmoja na huzoea. Hapo ndipo nilipokasirika. Mtunzaji huwa mmoja kwa sababu maagizo yanakaa katika kichwa kimoja. Dada yangu mdogo ndiye aliyekuwapo siku ya kutoka hospitalini, kwa hiyo yeye ndiye "anayejua", na anayejua haruhusiwi kuondoka. Alikosa shule miezi miwili na nusu. Wajomba walisema, tena kwa unyenyekevu: "Sisi hatujui namna ya kumugeuza." Kutokujua kulikuwa kumewapa pumziko.

Daftari la kurasa nne lilipobandikwa ukutani, pumziko hilo liliisha. Lina jedwali, na jedwali lina majina. Mjomba anageuza usiku. Mimi huja Jumamosi na Jumapili. Mama mdogo anashika asubuhi. Dada amerudi darasani, bado amechelewa katika hesabu, lakini amerudi. Tumeona pia kwamba kazi hii haina jina zuri kwetu. "Mlezi" ni wa mtoto, "muuguzi" ni wa hospitali, "mlinzi" yuko mlangoni, na garde-malade ni neno la siku za hospitalini tu. Kazi isiyo na jina haigawanywi wala hailipwi. Husemwa tu kwamba "yuko nyumbani". Sisi tumechagua kusema "mtunzaji", na jedwali limeandikwa "watunzaji", kwa wingi.

Kitivo kifanye nini?

Katiba ya mwaka 2006, katika ibara yake ya kwanza, inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na inaipa serikali wajibu wa kuzikuza. Kila mwaka tunasherehekea maneno hayo katika makongamano, kwa Kifaransa. Mimi naomba mambo manne madogo.

La kwanza, wanafunzi wa mwaka wa tatu waruhusiwe kufanya kazi yao ya mwisho kwa kutunga daftari la namna hii, wakishirikiana na wanafunzi wa udaktari na wa kinesiterapia, na daktari athibitishe kila mstari. Tuna kazi za mwisho nyingi juu ya methali. Methali zitatungoja.

La pili, maandishi yajaribiwe nyumbani kabla ya kuchapishwa. Na asiulizwe mtu "Umeelewa?", kwa kuwa mbele ya msomi kila mmoja hujibu ndiyo. Aambiwe: "Nionyeshe." Atakapomgeuza mgonjwa mbele yetu ndipo tutajua kama sentensi yetu ni nzuri.

La tatu, tuwapendekezee wauguzi wa mji maswali matatu ya kuongeza kwenye fishi ya mgonjwa: alizaliwa akisema lugha gani, husali kwa lugha gani, huhesabu pesa kwa lugha gani. Maswali hayo hayachukui hata dakika mbili, na yangetosha kumwokoa kambo na neno lililoandikwa juu yake.

La nne, mmoja wetu, mwanamume au mwanamke, achague afasia katika Kiswahili cha Lubumbashi kuwa utafiti wake wa maisha. Maktaba ina kazi kuhusu sarufi ya Kiswahili chetu, historia yake na ukoloni ndani yake. Haina kitu juu ya kinachotokea Kiswahili hicho kinapovunjika ndani ya kichwa cha mtu.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya Kiswahili yanaweza kukosewa, na kosa katika mambo ya ugonjwa huua. Nawajibu kwamba kosa limekwisha kuwamo, kwa Kifaransa safi kisicho na kasoro hata moja ya sarufi. Tofauti ni kwamba kosa la Kiswahili litaonekana na mama yeyote aliyeketi karibu na kitanda, naye atalisahihisha.

Nakala ya daftari la nyumbani kwetu iko kwenye ofisi ya jarida hili. Mstari wa pili wa ukurasa wa tatu, juu ya kumwogesha mgonjwa, bado haueleweki. Watu wawili kati ya watano walionyesha kinyume. Anayeweza kuuandika vizuri zaidi aje na kalamu.